Kwaya Inayowaongoza Watu Kusali

Mada iliyotolewa kwa wanakwaya na waamini katika semina ya maandalizi ya Jubilei ya Fedha



Wanakwaya wote, hongereni kwa kutimiza miaka 25 ya utume. Miaka 25 ni Jumapili zaidi ya 1,300. Ongeza mazoezi ya katikati ya juma, mikesha ya Pasaka na ya Noeli, mazishi, ndoa na ziara za vigangoni, utaona kwamba watu hawa wamempa Mungu muda ambao hakuna mshahara wa kuulipa. Wapo walioanza kwaya hii wakiwa vijana na leo wanakuja kanisani na wajukuu. Wapo pia waliotutangulia kwa Bwana, na tunawakumbuka kwa upendo.

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya kwaya katika kuandaa na kuongoza ibada. Sifa za kwaya mtazisikia za kutosha siku yenyewe ya sherehe, kwa hiyo leo nitasema mambo ya kazi. Mgeni wa heshima husifu, lakini mtu wa nyumbani huangalia paa linavuja wapi.

1. Jubilei ni wakati wa kurudisha

Neno jubilei tumelipata katika Biblia, kitabu cha Walawi, sura ya 25. Waisraeli waliagizwa wahesabu miaka saba mara saba, kisha wapige baragumu na kuutakasa mwaka wa hamsini. Mwaka huo, shamba lililouzwa kwa shida lilirudi kwa ukoo wake, na aliyejiuza utumwani akarudi kwa jamaa zake. Miaka 25 ni nusu ya safari hiyo, na Kanisa limezoea kuisherehekea pia. Moyo wa jubilei, basi, ni kurudisha. Kila kitu kirudi kwa mwenyewe.

Tukichukua jambo hilo kwa uzito, kwaya inapaswa kujiuliza: ni kitu gani tunacho mikononi mwetu ambacho ni cha mwingine? Mimi nasema ni wimbo. Wimbo wa Misa ni mali ya taifa zima la Mungu. Kwaya imekabidhiwa kuutunza na kuuongoza, kama vile mzee wa ukoo anavyotunza shamba la familia. Akianza kulilima peke yake na kula peke yake, wenye shamba watasimama pembeni wakimtazama.

Mama mmoja mzee wa jumuiya yetu, ambaye zamani sauti yake ilisikika hadi barabarani, aliniambia hivi: “Mwanangu, siku hizi mimi nakuja kusikiliza. Nyimbo ni nzuri, lakini zinaniacha.” Hakuwa na kinyongo. Alikuwa anaeleza tu jinsi mambo yalivyo. Lakini mtu aliyeimba Misa kwa miaka hamsini akigeuka kuwa msikilizaji, tumempoteza mwimbaji, na yeye amepoteza sehemu ya sala yake.

Kwa hiyo nawaomba mfanye jaribio moja. Jumapili ijayo, mwanakwaya mmoja asiimbe na wenzake. Akae katikati ya kanisa, benchi la nane au la tisa, asikilize waliomzunguka. Je, wanaimba? Wanaimba kiitikio peke yake? Wamefunga vitabu? Wamekunja mikono? Atakayoyaona huko yatatufundisha kuliko mada yangu yote.

2. Kanisa linatuambia nini

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturujia tarehe 4 Desemba 1963. Hati hiyo, Sacrosanctum Concilium, inafundisha kwamba waamini wote wanapaswa kushiriki ibada kikamilifu, kwa kuelewa na kwa kutenda, na kwamba hiyo ni haki na wajibu wao kwa sababu ya ubatizo. Ilipozungumzia kwaya, katika namba 114, ilisema mambo mawili kwa pamoja: kwaya zikuzwe kwa bidii, na wachungaji wahakikishe kwamba waamini wote wanaweza kutoa sehemu yao katika ibada inayoimbwa. Tusichukue nusu moja tukaacha nyingine.

Miaka michache baadaye, tarehe 5 Machi 1967, yalitoka maagizo yanayoitwa Musicam Sacram. Humo kuna mpangilio ambao ningependa kila mwalimu wa kwaya aujue. Sehemu za Misa zinazoimbwa zimepangwa katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni mazungumzo kati ya padre na waamini: salamu, sala zake na Amina yetu, shangilio la Injili, utangulizi wa Sala ya Ekaristi pamoja na Mtakatifu, Baba Yetu, na maneno ya kuagana. Ngazi ya pili ni Bwana Utuhurumie, Utukufu, Mwanakondoo, Nasadiki na Sala ya Waamini. Ngazi ya tatu ndiyo yenye nyimbo za maandamano, yaani mwanzo, vipaji na komunyo, pamoja na nyimbo za baada ya somo na Aleluya. Maagizo yanasema ngazi ya kwanza inaweza kuimbwa peke yake, lakini ya pili na ya tatu zisiimbwe bila ya kwanza.

Sasa tujiangalie. Nguvu zetu za mazoezi zinaenda wapi? Mara nyingi juma zima linaishia kwenye wimbo wa mwanzo, wa vipaji na wa shukrani, tena kwa sauti nne. Padre akiimba salamu yake, tunamjibu kwa kusema, au kila mtu anatafuta sauti yake. Tumeanza kujenga nyumba kwa mabati kabla ya msingi.

Maagizo hayohayo hayakatazi kwaya kuimba peke yake. Wimbo wa sauti nne ulioandaliwa vizuri unaweza kuimbwa na kwaya watu wakisikiliza na kutafakari. Kinachokataliwa ni kwaya kuchukua nyimbo zote za Misa, kutoka mwanzo hadi mwisho, huku waamini wakiachwa nje. Kila Jumapili, basi, tupime: zipi ni zetu na zipi ni za watu wote?

3. Kila wimbo una kazi yake

Wimbo hauingizwi katika Misa ili kujaza nafasi. Kila mmoja umetumwa kazi, na ukijua kazi yake utajua uchague upi na uishie wapi.

Wimbo wa mwanzo unafungua ibada, unawaunganisha watu waliotoka nyumba mbalimbali, unawaingiza katika fumbo la siku, na unasindikiza maandamano ya padre na watumishi. Padre akishafika kitini, kazi imekwisha. Beti tatu zilizobaki si deni.

Utukufu huimbwa Jumapili zilizo nje ya Majilio na Kwaresima, na katika sherehe na sikukuu. Maneno yake hayabadilishwi. Wimbo wowote wenye neno “utukufu” ndani yake hauchukui nafasi yake, hata uwe na mdundo mzuri namna gani. Ni hivyohivyo kwa Mtakatifu na kwa Mwanakondoo. Mtakatifu ni wimbo wa waamini wote pamoja na padre. Kama kuna toleo moja ambalo kanisa lote linalijua, hilo ni hazina. Msilibadilishe kila mwezi.

Wimbo wa katikati ni zaburi, na zaburi ni Neno la Mungu. Imechaguliwa ili kulijibu somo la kwanza, ndiyo maana haibadilishwi na wimbo mwingine wa kitabuni. Najua tatizo ni kwamba kila Jumapili ina zaburi yake na mwalimu hana muda wa kutunga. Dawa yake ni rahisi. Chukueni toni moja nyepesi ya nota tatu au nne, mwimbaji mmoja aimbe beti kwa toni hiyo akiwa kwenye mimbari, na waamini wapewe kiitikio kifupi. Baada ya miezi miwili kanisa zima litakuwa limezoea.

Aleluya ni shangilio la kuipokea Injili, na watu huliimba wamesimama. Wakati wa Kwaresima tunaliacha na kutumia shangilio jingine.

Wimbo wa vipaji unasindikiza maandamano ya matoleo. Hapa kwetu maandamano ni marefu: mkate na divai, sadaka, na vile vikapu vya mahindi, ndizi na unga. Mwimbieni mtoaji aliyeamka mapema kwa furaha. Hata hivyo angalieni altare. Padre akishanawa mikono na kusimama tayari, malizieni ubeti na mnyamaze.

Kuhusu kutakiana amani, ofisi ya Vatikani inayoshughulikia ibada ilitoa barua mwaka 2014 ikieleza kwamba Misa ya Kiroma haina wimbo wa amani. Tunapeana amani na walio karibu nasi kwa kifupi. Wimbo wa wakati huo ni Mwanakondoo, unaosindikiza kuumegwa kwa mkate. Tukiimba wimbo mrefu wa amani, Mwanakondoo anakimbizwa kimaneno wakati yeye ndiye mwenye zamu.

Wimbo wa komunyo huanza padre anapokomunika, kuonyesha umoja wa wote wanaopokea. Hapa hesabu inasaidia. Watu 400 wakipokea kwa mistari miwili, na kila mmoja akichukua sekunde tano, ni takriban dakika 17. Andaeni nyimbo mbili au tatu zenye viitikio vifupi ambavyo mtu anaweza kuimba akitembea bila kitabu, kisha acheni kinanda pekee kipige polepole au muwe na ukimya. Nanyi wanakwaya mpokee. Maelekezo ya Misale yanasema wazi kwamba waimbaji wawekewe utaratibu wa kukomunika bila taabu. Kwaya isiwe mpishi anayelala njaa.

Baada ya komunyo kuna ukimya. Wimbo wa shukrani, kama upo, ni mmoja, na uwe wa watu wote. Nyimbo tatu za shukrani, kisha matangazo ya nusu saa, huwafanya watu waanze kutafuta funguo za gari na nauli ya matatu.

4. Juma moja la maandalizi

Ibada nzuri huanza kabla ya Jumapili. Mahali pengi nyimbo huchaguliwa Jumapili asubuhi, mwalimu akifungua kitabu huku watu wakiingia. Hapo lazima achague zile zilezile anazozijua, na Jumapili zote za mwaka zinakuwa na sura moja.

Napendekeza utaratibu huu. Jumatatu, mwalimu wa kwaya na katekista wasome masomo ya Jumapili inayokuja. Kanisa linasoma kwa mzunguko wa miaka mitatu: mwaka A tunasikia zaidi Injili ya Matayo, mwaka B Marko, mwaka C Luka. Yohane anasikika sana Kwaresima na Pasaka. Mwaka huo unaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, kwa hiyo inawezekana kuwa na kalenda ya miezi mitatu mbele. Someni Injili kwanza, kisha somo la kwanza, kisha zaburi, mjiulize: watu wataondoka na neno gani? Nyimbo zichaguliwe kutoka hapo.

Jumatano, kamati ya liturujia ikutane kwa nusu saa. Wawepo mwalimu wa kwaya, katekista, kiongozi wa wasomaji, msimamizi wa watumishi wa altare, mlezi wa watoto wanaocheza, na mwakilishi wa jumuiya inayohudumu Jumapili hiyo. Padre akiweza kufika, vizuri zaidi. Asipoweza, apelekewe mpango siku hiyohiyo, kwa sababu ndiye anayejua kama ataimba utangulizi, kama kuna ubatizo, au kama askofu ametuma barua ya kusomwa.

Matokeo ya mkutano yaandikwe kwenye karatasi moja. Juu, jina la Jumapili na rangi ya mavazi. Chini, kila sehemu ya Misa, wimbo wake, namba yake kitabuni, nani anaanzisha, na waamini wanaimba nini. Nakala moja iende kwa padre, moja kwa mpiga kinanda, moja kwa mtu wa vyombo vya sauti, moja kwa msomaji. Karatasi hii inazuia yale mambo tunayoyajua wote: kwaya inaanza kuimba na padre anaanza kusali, au watoto wanajipanga kucheza wimbo ambao haupo.

Mazoezi yafuate ngazi zile tatu. Anzeni na majibu na Mtakatifu, kisha zaburi, kisha nyimbo za maandamano. Wimbo wa sauti nne wa kuimbwa na kwaya peke yake uje mwisho. Muda ukiisha, ukose huo.

Nakumbuka pia vigango ambavyo padre hafiki kila Jumapili, na katekista anaongoza ibada ya Neno. Huko kwaya ina kazi kubwa zaidi, maana wimbo na masomo ndivyo vinavyobeba ibada. Msiige Misa. Mtakatifu, kwa mfano, haimbwi kwa sababu hakuna Sala ya Ekaristi. Zaburi, Utukufu kwa wakati wake, na nyimbo za sifa zina nafasi ya kutosha.

5. Kuongoza siku yenyewe

Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati kinasimulia jinsi Daudi alivyowapanga waimbaji wa hekalu chini ya Asafu, Hemani na Yeduthuni. Waliofundishwa kumwimbia Bwana walikuwa 288, na walipigiwa kura za zamu, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Na Kenania aliwekwa kuongoza nyimbo kwa sababu alikuwa na ujuzi. Ujuzi unahitajika, na utaratibu unahitajika. Utumishi wa Mungu haufanywi kwa kubahatisha.

Kwanza, ufunguo. Wimbo ukipandishwa ili soprano ing'ae, akina baba waliokaa nyuma wananyamaza. Sauti ya mwamini wa kawaida hutembea vizuri kutoka C hadi D iliyo juu ya C inayofuata. Ukiona wimbo unapita hapo kwa muda mrefu, ushushe. Sauti ya kwanza isikike wazi, maana ndiyo waamini wanayoifuata.

Pili, vyombo. Wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Kama mtu aliyeketi benchi la mbele hasikii sauti yake mwenyewe akiimba, ataacha kuimba. Spika zishushwe. Ngoma, kayamba na kinanda visaidie maneno yasikike. Katika Kwaresima vyombo vinapigwa kwa kusaidia uimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya nne na siku za sherehe na sikukuu. Watu wakishafunga masikio kwa siku arobaini, kengele na ngoma za Mkesha wa Pasaka zitawainua wenyewe.

Tatu, mahali pa kukaa. Kwaya ikae mahali ambapo inaonekana kuwa sehemu ya waamini, na si kundi la wageni walioalikwa. Kondakta awageukie waamini kwenye kiitikio na awaalike kwa mkono. Mtu akialikwa kwa uso wa furaha huimba.

Nne, ukimya. Baada ya “Tuombe”, baada ya masomo na mahubiri, baada ya komunyo, kuna kimya ambacho ni sehemu ya ibada. Kimya hicho si nafasi ya kujaribu kipaza sauti, kugawa karatasi au kunong'onezana kuhusu nota. Nanyi mnaokaa juu mbele ya macho ya wote, simu zenu zinaonekana.

6. Nyimbo mpya na za zamani

Kila kwaya inayo hamu ya nyimbo mpya, na hamu hiyo ni nzuri. Taabu huja wimbo mpya unapotolewa kila Jumapili. Kwaya inautambua kwa sababu imeufanyia mazoezi mara sita, lakini waamini wanausikia mara moja, kisha unatoweka. Tukubaliane wimbo mmoja mpya wa waamini kwa mwezi. Ufundishwe dakika tano kabla ya Misa, kiitikio tu, kisha uimbwe Jumapili nne mfululizo. Kwa mwaka ni nyimbo 12 zilizokolea, na katika miaka 25 ijayo ni 300. Hiyo ni hazina ya kuwaachia wajukuu.

Kabla ya kuupokea, upimwe kwa maneno. Mtaguso ulielekeza kwamba maneno ya nyimbo takatifu yatokane hasa na Maandiko na vyanzo vya liturujia. Wimbo ambao ukibadilisha jina la Yesu ukaweka la mchumba unabaki vilevile, uende kwenye sherehe nyingine. Watungaji wetu wasome Biblia kwanza, kinanda baadaye.

Na zile za zamani zisidharauliwe kwa sababu vijana wanaziona nzito. Ndizo wazee wetu wanazoimba bila kitabu, hata taa zikizimika. Nyimbo za lugha zetu za mama nazo zina nafasi, hasa pale ambapo jumuiya nzima inazielewa. Katika parokia ya mchanganyiko kama zetu nyingi za mjini, kiitikio kiwe cha Kiswahili ili asiwepo anayejiona mgeni nyumbani kwa Baba yake.

7. Mazishi na ndoa

Kwenye mazishi, familia haina nguvu ya kuimba. Hapo kwaya inaimba kwa niaba yao, na ni huduma ambayo haisahauliki. Chagueni nyimbo za tumaini la ufufuko ambazo majirani, hata wa makanisa mengine, wanaweza kuitikia. Msije watu wanne na kinanda, halafu kwenye harusi mkawa arobaini na sare mpya. Maskini na tajiri waimbiwe sawasawa.

Kwenye ndoa, maarusi huja na orodha ya nyimbo walizozisikia redioni. Kaeni nao mapema, miezi miwili kabla, mwaeleze kwa upole kwamba Misa ya ndoa ni Misa, na kwamba nyimbo hizo zitapata nafasi yake ukumbini. Mkiwaambia siku mbili kabla, mtakuwa mmewavunja moyo bure.

8. Maisha ya mwanakwaya

Injili ya Matayo inatuambia kwamba Yesu na wanafunzi wake waliimba kabla ya kutoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Aliimba akijua kinachomngoja usiku ule. Mwanakwaya anaimba Jumapili akitoka kwenye juma lenye karo, ugonjwa, kazi iliyopotea na ugomvi wa nyumbani. Ndiyo maana kwaya lazima iwe mahali pa kusaidiana. Ianze mazoezi kwa Neno la Mungu, hata aya tano. Imtembelee mwenzao aliyekosa mara tatu kabla ya kumtoza faini. Mambo ya nani aimbe solo na nani ashike fedha ya sare yamewahi kuzivunja kwaya zenye sauti nzuri. Mtakatifu Sesilia, msimamizi wetu tunayemkumbuka kila tarehe 22 Novemba, alikuwa shahidi wa imani. Tumwombe atuombee moyo kabla ya sauti.

9. Tufanye nini kuanzia sasa

Wapendwa, nawaachia mambo matano, na ninaomba kwaya na baraza la parokia wayajadili kabla sherehe haijapoa:

Kwanza, mkutano wa liturujia kila Jumatano na karatasi moja ya mpango.
Pili, padre na waamini waimbe majibu ya Misa kila Jumapili, na kwaya iyafundishe.
Tatu, zaburi iimbwe, kwa toni rahisi.
Nne, wimbo mmoja mpya wa waamini kwa mwezi, na toleo moja la Mtakatifu ambalo kila mtu analijua.
Tano, kila miezi mitatu mwanakwaya mmoja akae benchi la katikati, asikilize, na alete taarifa bila kumwogopa mtu.

Nanyi waamini msio wanakwaya, msidhani mmesalimika. Kwaya ikirudisha wimbo, lazima pawe na mtu wa kuupokea. Njooni dakika kumi mapema mfundishwe kiitikio. Nunueni kitabu cha nyimbo, bei yake haizidi sana chai na mandazi ya juma moja. Mjibuni padre kwa sauti. Wazazi, leteni watoto kwenye mazoezi, kwa sababu kwaya ya jubilei ya miaka 50 imekaa sasa hivi kwenye mabenchi ya watoto, inachezea karatasi ya peremende.

Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati kinaeleza siku ya kuwekwa wakfu hekalu la Solomoni. Wapiga tarumbeta na waimbaji walipotoa sauti moja kumsifu Bwana, nyumba ilijaa wingu la utukufu wake, hata makuhani hawakuweza kusimama kuhudumu. Mungu atujalie sauti moja, kwaya na waamini, miaka 25 mingine na zaidi.